Nusu ya Wimbo wa Shangazi

Nianze na aibu yenyewe, maana nikizungukazunguka nitaishia kujitetea. Kwa sababu ya gitaa langu, shangazi yangu aliyenilea alikatazwa kwenda kupalilia kaburi la mume wake. Alikuwa akienda kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, kutoka Mpitimbi hadi Lusewa, mara kwa lori, mara kwa baiskeli ya kuombaomba, mara kwa miguu yake mwenyewe, miaka zaidi ya ishirini bila kukosa. Mimi nikamfungia njia kwa dakika nne za muziki. Na dakika hizo nne nilizipenda mno.

Wakati huo nilikuwa karani wa ghala la mahindi siku za kazi, na mwisho wa wiki nilikuwa mpiga solo na kiongozi wa bendi moja ya jazi pale Songea mjini. Tuliitwa jazi kwa vile bendi zote za zamani ziliitwa jazi, ila katika sisi saba hakuna aliyeweza kukueleza jazi ni kitu gani. Tulipiga rumba. Ikibidi, tulipiga chacha. Mimi binafsi nyuzi tatu za chini nilizimudu, zile za juu nilizipiga kwa kumwomba Mungu. Lakini nilikuwa na miwani ya jua, na mpiga gitaa mwenye miwani ya jua hakuulizwa maswali mengi.

Zamani vyombo vyetu vilikuwa vya ushirika. Zilipoingia enzi za ruksa, kila mtu na biashara yake, ushirika ukayumba, vyombo vikafungiwa stoo, nasi tukachukuliwa na mwenye baa mmoja aliyekuwa amekuja na biashara ya mitumba na kuona Songea panamfaa. Alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa ameleta disko: deki moja, spika mbili na taa za kuzunguka. Disko halikuwa na mdomo wa kuomba chakula, wala halikulewa kabla ya kazi. Siku moja alituita tukiwa tunafungua nyaya, akasema bila ukali wowote:

"Vijana, wateja wananiambia mnayopiga wameshayasikia kwenye kaseti, tena huko yamepigwa vizuri zaidi. Nileteeni kitu ambacho disko halina. Mkishindwa, mavuno yakiisha tuagane kwa heri."

Mpiga saksafoni wetu alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, Mhaya aliyehamishiwa kwetu na kulalamikia baridi ya Julai tangu Januari. Saksafoni aliachiwa na Mzungu mmoja wa kujitolea, pamoja na kaseti mbili za Weusi wa Marekani. Jioni hiyo akatuwekea moja.

"Sikilizeni," akasema. "Babu zao hawa walikuwa wakiimba mashambani, kwenye pamba, huzuni tupu. Wajukuu wakazichukua nyimbo zilezile wakazipuliza upya. Ndiyo jazi yenyewe hiyo." Kisha akanigeukia. "Wewe Mngoni, bibi zako hawakuimba?"

Nilikuwa nimetikisa kichwa muda wote kama mjuzi, ingawa nilichosikia mimi ni mtu anayegombana na tarumbeta lake. Nikamjibu kwamba kwetu nyimbo ni tele, yeye asubiri tu. Ukweli ni kwamba Kingoni changu kilikuwa cha kuombea chumvi, na nyimbo nilizozijua zote zilitoka kwa mtu mmoja, shangazi.

Jumamosi iliyofuata nikapanda Mpitimbi na redio kaseti begani na betri mpya. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi na wenzake watatu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huo mji haukupi ugali?"

Nilipomwambia nimekuja kuchukua sauti yake, aliinuka, akaingia ndani, akatoka amevaa gauni lake la kanisani. Kwa kaseti! Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakaa kwenye kigoda, akaniuliza ninataka wimbo wa kuchezea au wa ukweli.

"Wowote, shangazi, ili mradi una mdundo."

Bwege mimi. Akanitazama kidogo, kisha akawapa ishara wenzake. Wakaanzisha wimbo ambao nilikua nikiusikia kila msimu wa kupukuchua, wa Kingoni, ambao kwa Kiswahili ungesema: chungu kiko jikoni kinachemka, mume yuko kitandani anakohoa, mke kaenda wapi? Wale kina mama waliuimba wakipiga makofi, mdundo safi kabisa, vidole vyangu vikaanza kucheza vyenyewe kwenye goti. Halafu wakanyamaza wote, shangazi akajibu peke yake. Jibu lilikuwa refu na la polepole: niulizeni mimi, nipo; iulizeni njia, iulizeni mito niliyovuka. Miaka yote ya utoto wangu niliamini anaimba kipande hicho peke yake kwa sababu ndiye mwenye sauti. Sikuwahi kuuliza. Mtoto wa kulelewa hula kilichopo, haulizi kimepikwaje.

Wakati wa kuagana alinishika mkono. "Huo ni wangu," akasema. "Nakupa. Uutunze." Mimi nikaona amekubali kipaji changu.

Kwenye mazoezi, kipande cha kina mama kiliingia kwenye rumba kirahisi ajabu, hata mpiga besi aliyekuwa akichelewa kila wimbo safari hii hakuchelewa. Tabu ikawa jibu. Mpiga ngoma alijaribu kuhesabu: mara mipigo minne, mara mitano, mara sauti inasimama tu hewani na hujui itashuka lini. Akaweka vijiti chini, akasema yeye aliajiriwa kupiga ngoma, si kusubiri basi.

Mwalimu alikuwa amefumba macho. "Hapo ndipo kwenyewe," akasema. "Wale wa Marekani wangekaa hapo nusu saa."

"Mwalimu, hapa ni Songea," nikamwambia. "Watu wanataka kucheza."

Nikalikata jibu. Sikulikata kwa uchungu, naomba ieleweke. Nililikata kwa raha ya kiongozi aliyegundua jambo. Nikasema tunauboresha wimbo. Na pale kwenye "mke kaenda wapi" nikamtaka mwalimu apulize kitu mfano wa kicheko. Akakataa mara mbili, mara ya tatu akakubali, akapuliza huku ameangalia ukuta.

Sasa Jumapili hiyo, baada ya misa ya pili, kwenye dansi la mchana! Watu walijaa hadi wengine wakacheza nje kwenye vumbi. Tulipofika "mke kaenda wapi", mzee mmoja mwenye koti akapaza sauti kutoka mezani, "Kaenda kwa fundi cherehani," na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikajua nimepata. Jumapili ya pili nikawa naielekeza maikrofoni kwa wateja wenyewe, kila mmoja ataje mke kaenda wapi. Kaenda kilabuni. Kaenda kwa mwenye mashine. Nyingine sitaziandika. Mwenye baa alilifunika disko kwa kitambaa, na mimi nikanunua miwani ya pili.

Mtu wa kibanda cha kaseti alikuja kuturekodi, na kabla ya Agosti kwisha wimbo ulishafika Namtumbo na Tunduru. Ukawa unapigwa kwenye mashine za kusaga, kwenye vilabu vya pombe ya komoni, kwenye malori. Kichwa kilinivimba. Nilipopita sokoni nilitembea polepole kuliko ilivyohitajika, ili anayetaka kunitambua apate nafasi.

Mwanzoni mwa Oktoba shangazi alikuja mjini. Hakuwa na kawaida ya kuja bila taarifa, na mimi, kwa akili zangu zile, nikafikiri amekuja kunipongeza. Nilimkaribisha kwenye kochi, nikamtuma mtoto wa jirani soda, na kabla hajaipokea nikawa nimeshaweka kaseti. Ndiyo, nilimpigia. Nilikaa mkabala naye nikimtazama usoni, nikisubiri pale kwenye kicheko cha saksafoni, maana nilikipenda sana.

Alisikiliza hadi mwisho, mikono kwenye mapaja.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha, shangazi."

"Jibu liko wapi?"

Nikaanza kumweleza mambo ya mdundo. Nilimweleza kwa utaalamu. Nilitumia hata mikono. Yeye alisubiri nimalize, ndipo akaniambia, bila kupandisha sauti, mambo ambayo nilipaswa kuyauliza miaka ishirini nyuma.

Mume aliyekohoa kitandani alikuwa mume wake, kule Lusewa. Ndugu wa mume walikuwa wakimngoja mganga, na mganga hakufika. Shangazi akajua akisema anakwenda hospitali ya misheni kutafuta dawa watamzuia, kwa hiyo akainjika chungu alfajiri, akaondoka bila kuaga. Kwenda tu kulimchukua siku mbili, kwa miguu, masika. Aliporudi na vidonge kwenye pindo la kanga, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, na wanawake wa kijiji walishautunga wimbo na kuuimba msibani: chungu kiko jikoni, mke kaenda wapi? Lakini kikundi chao kilikuwa na sheria. Anayeimbwa ana haki ya kujibu, na jibu likishakubaliwa, wimbo hauimbwi tena bila hilo jibu. Shangazi alisimama mbele yao, akafungua pindo, akamwaga vidonge chini, akajibu. Wakalikubali. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akalikubali pia, na kwa jibu hilo akamruhusu kila mwaka kuja kupalilia, hata alipokuwa amerudi Mpitimbi na wimbo wake.

"Sasa wimbo umefika kwao, kwenye mashine ya kusaga," akasema. "Wamesikia ni sauti yako. Mtoto niliyemlea. Shemeji amenitumia salamu: kama nyumba yangu mwenyewe imelifuta jibu, basi jibu halikuwepo. Nisije."

Soda ilikuwa mezani haijaguswa. Nilitaka kusema kitu nikaona kila kitu nilichonacho ni cha mdundo. Nikalia, nami nilikuwa mtu mzima mwenye miwani miwili.

Hakunifariji. Akasema tu, "Novemba ni mwezi ujao," akainuka kwenda kuwahi gari la Mpitimbi.

Jumapili iliyofuata nikawaambia wenzangu tunauimba wimbo mzima, pamoja na jibu. Mwalimu aliniangalia kana kwamba ameona mwanafunzi wa mwisho darasani ameinua mkono. Tukaanza vizuri, watu wakaingia uwanjani, yule mzee wa koti akajibu alivyozoea, kisha nikaanza jibu la shangazi kwa sauti yangu ya kukwaruza. Mwalimu akanifuata kwa saksafoni, chini kabisa, na naapa hakuwahi kupiga vile. Wachezaji wakasimama katikati ya sakafu, mikono bado iko viunoni mwa wenzao, wakingoja turudi kwenye mdundo. Hatukurudi. Mmoja akapiga mbinja. Mwenye baa akaenda mwenyewe kukiondoa kile kitambaa cha disko.

Hivyo ndivyo bendi yetu ilivyokufa, saa kumi na moja jioni, jua likiwaka. Wengine watakwambia ni uchumi. Lakini hata hilo, ambalo nilijisifia usiku kucha kwamba ni sadaka kubwa, halikumsaidia shangazi kitu. Lusewa hawakuwa na habari kama mimi nimetubu kwenye baa ya Songea. Walichokuwa nacho ni kaseti, na maji yakimwagika hayazoleki. Ilibidi niende mwenyewe.

Tulikwenda wawili, juu ya lori la mbolea, na mvua za kwanza zilitukuta njiani. Nilibeba gitaa, usiniulize kwa nini. Nadhani nilifikiri litatokea jambo ambalo gitaa lingefaa. Shangazi alibeba jembe lake limefungwa kwa kanga kuukuu.

Asubuhi ya siku yenyewe tuliwakuta makaburini, ukoo mzima, wanafyeka. Shemeji alikuwa mzee mrefu mwenye mkongojo. Alipomwona shangazi aliacha kazi, akaja hadi kwenye mpaka wa makaburi, akasimama pale. Shangazi naye akasimama upande wake. Mimi nikapiga shikamoo. Akaitika kwa heshima yote, jambo lililonitisha zaidi.

"Mzee," nikasema, "ni mimi niliyeimba. Shangazi alinipa wimbo mzima na jibu lake. Ninayo kaseti niliyomrekodi. Jibu nimelikata mimi."

"Ulilikata kwa sababu ni uongo?"

"Hapana, mzee."

"Kwa sababu gani, sasa?"

Wote walikuwa wameacha kufyeka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba njiani kote, juu ya mbolea, hotuba yenye samahani nyingi na methali mbili. Halikutoka hata neno moja la hotuba hiyo.

"Lilikuwa halichezeki," nikasema.

 Nilimwona akilitafuta tusi linalonifaa na asilipate.

"Halichezeki," akarudia, kwa sauti ya mtu anayesoma barua kutoka serikalini. Akawageukia ndugu zake. "Mmesikia? Hakuna aliyelifuta. Kijana alitaka kucheza tu." Mwanamke mmoja akaguna. Kisha mzee akasogea pembeni, akauacha wazi mpaka aliokuwa ameuziba. "Shemeji, karibu. Majani yamekuwa marefu mwaka huu."

Shangazi alifungua jembe, akaenda moja kwa moja kwenye kaburi. Alianza upande wa kichwani. Baada ya muda, mke wa shemeji, akiwa ameinama kwenye kaburi la pili, akaanzisha polepole: chungu kiko jikoni. Wanawake wengine wakapokea, bila makofi, mikono ikiwa kazini. Walipofika mwisho wakanyamaza, shangazi akajibu huku analima. Nilisimama pale na gitaa langu, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu. Ilikuwa ni hatua za mtu tu. Anapanda, anashuka, anavuka maji, anapanda tena.

Katikati ya mstari akakatisha, jembe likabaki juu. Tulingoja. Wanawake wale walijua hapo husimama, hawakushangaa. Lakini safari hii hakuendelea kuimba. Aliliweka jembe chini akasema, kwa maneno ya kawaida:

"Hapa nilikaa."

Shemeji akauliza, "Ulikaa wapi?"

"Nikirudi, baada ya mto wa pili. Miguu ilivimba. Nilikaa chini ya mti, nikapitiwa na usingizi tangu mchana mpaka kesho yake. Kwenye jibu niliruka hapo, nikaacha kimya, sikuwa na neno la kuweka." Alikuwa anaangalia udongo. "Siku ile nilipofika mlisema alikata roho jana yake jioni. Nisingelala ningemkuta."

 Mzee alitupa mkongojo, akapiga magoti upande wa pili wa kaburi la kaka yake, akaanza kung'oa magugu kwa mikono. Shangazi akaokota jembe. Mimi nikalilaza gitaa kwenye majani yenye maji, nikaenda upande wa miguuni, nikainama.